Mnyapara na Pembe Isiyochezwa

Kwenye kizibao cha njano alichopewa na mradi waliandika MSIMAMIZI WA KIKUNDI. Akakivaa nje ndani mpaka kazi ilipokwisha. "Msimamizi ni mtu wa harusi," alisema. "Mimi ni mnyapara." Na mnyapara tukamwita, wakubwa kwa wadogo, hata mkewe, hata imamu alipokuwa akimtafuta msikitini siku za Ijumaa na kumkosa.

Najua wengine neno hilo huwakaa vibaya masikioni. Wanamkumbuka mnyapara wa gereza, au yule wa mashamba ya mkonge aliyetembea na kiboko. Yeye alilivaa kama kanzu ya Idi. Kwake mnyapara alikuwa yule wa misafara ya zamani, mkubwa wa wapagazi waliotoka Unyanyembe kwenda pwani na kurudi kwa miguu, mtu aliyejua bega la nani lina kidonda, mzigo wa nani umelegea na maji yako wapi. Alidai njia yenyewe ya misafara ilipita nyuma ya choo chake. Hakuna aliyeweza kumbishia, maana hakuna aliyekuwepo, na choo kweli kipo.

Ukishuka stesheni yetu ndogo, kati ya Kigwa na Igalula, ukafuata njia ya ng'ombe kuelekea bondeni, utaliona lambo. Tazama tuta lake vizuri. Sehemu kubwa ni ya kijivu, ila pembe moja ni nyekundu, udongo wa kichuguu mtupu. Wageni hudhani ni urembo. Pembe hiyo ndiyo sababu ya mimi kuandika habari za mzee huyu, na nitaifikia, ila yeye mwenyewe asingenisamehe kama ningeanza na udongo kabla ya kumtaja yeye.

Mimi ni Mgogo. Nililetwa huku na mume wangu, fundi wa njia ya reli. Siku niliyoshuka kwenye treni, na godoro kichwani na mtoto mgongoni, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mzee mwenye mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, amesimama katikati ya njia utadhani stesheni ni ya kwake. Nikampa heshima yake.

"Shikamoo baba."

Akafungua mdomo kuitikia, kisha akausitisha. "Kabila gani wewe?"

"Mgogo."

Akaufunga mdomo. Akanizunguka mara moja, mguu mrefu, mguu mfupi. "Mgogo! Babu zako waliwatoza babu zangu hongo kwa maji ya kunywa. Mtu amebeba pembe ya ndovu toka huku, ulimi umekauka, anaambiwa toa kitambaa ndipo unywe. Leo umekuja mwenyewe. Shikamoo yako siitikii. Naiweka. Siku nikiona unastahili, nitakurudishia."

Mume wangu alikuwa anacheka mpaka amekaa juu ya sanduku. Mimi nilikuwa karibu kulia. Nyumbani nilikuwa nimesikia kwamba Wagogo na Wanyamwezi ni watani, lakini kusikia ni kimoja na kushukiwa nao kabla hujatua godoro ni kingine. Kesho yake akapita mlangoni kwangu, akachungulia sufuria, akaona mlenda, akatangaza kijiji kizima kwamba Mgogo amepika gundi ya viatu. Hapo nikajua la kufanya. Nikamwambia aonje, labda utamrefusha ule mguu.

Tangu siku hiyo hatukuwahi kusemezana neno la kweli. Akiniuliza habari za watoto, nilimwambia nimewauza. Nikimuuliza hali ya mkewe, aliniambia ameolewa na mkuu wa stesheni. Ilikuwa njia yetu ya kuulizana, na kila mmoja alijua jibu lilivyo kwa kulipindua. Na siku ya kumzika, kama mila inavyotaka, niliingia kaburini nikalala chali, nikagoma kutoka mpaka wanawe waliponipa kuku. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nililia zaidi, lakini nilikuwa nimelala chini huko, hawakuona.

Basi ukaja ule mwaka ambao vijana waliotoka Dar walikuwa wakisema vyuma vimekaza. Sisi tuliona vimekaza na ufunguo umepotea. Wanunuzi wa tumbaku walikuja, wakachagua mafungu machache, mengine wakayaacha yanukie ndani ya mabani ya kukaushia. Watu walikuwa wameshakata kuni na kuchochea moto usiku na mchana kwa ajili ya yale majani. Mume wangu akapunguziwa siku za kazi. Mimi nilikuwa nauza asali, karanga na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kwenye madirisha ya treni. Mwaka ule abiria walinunua kwa macho. Mwanamke mmoja alinusa asali yangu, akaisifu, akanishukuru, treni ikaondoka.

Ndipo zikaja ajira za muda. Ofisi ya mradi ilileta sururu, mabeleshi, makarai na vizibao vya njano, ikasema tuchimbe lambo wakati wa kiangazi. Sisi tulilitaka hilo lambo kuliko walivyodhani. Kisima chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na ng'ombe walikuwa wakifika huko wakiwa wamekonda zaidi ya walivyoondoka. Bila lambo, wenye mifugo walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za kuhama. Kijiji kinachohamwa na wenye ng'ombe hubaki na stesheni na wazee.

Kazi ilianza kwa mlio wa kipande cha reli alichokitundika mnyapara kwenye tawi la mninga. Alikigonga kabla ya jua, kisha akasimama mbele ya watu na kuuliza, "Nani anaumwa?" Ukinyanyua mkono alikuja kukutazama ulimi. Kama ulimi ni mzuri alikwambia, "Mzigo haubebwi kwa mdomo," akakupa sururu. Kama si mzuri alikupa karai dogo, akakuweka karibu na mtungi wa maji, akakutukana siku nzima ili watu wasidhani amekuhurumia.

Kila mtu alikatiwa ngwe yake ya kuchimba, na ngwe aliipima kwa hatua zake mwenyewe. Ofisi ilimpa utepe wa kupimia. Aliutumia kufungia mbuzi. Hapo sasa ule mguu wake mfupi ukawa habari ya mjini. Akipima akielekea mawio, akipanda mteremko, hatua zilikuwa ndogo, akirudi, zilirefuka. Watu wakaanza kuwahi alfajiri ili wapate ngwe za mawio. Isitoshe, alihesabu kwa sauti, na ukimsemesha katikati alisahau alipofika.

"Saba, nane, tisa..."

"Mtani, eti ni kweli Mnyamwezi akipotea hutafuta reli?"

"Akipotea Mgogo hutafuta wa kumwomba maji. Nilifika ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Kumi na nne, kumi na tano. Chimba!"

Nilijiona mjanja kiangazi kizima. Baadaye sana mkewe aliniambia kwamba nyumbani mtu huyo alikuwa akihesabu kuku, vifaranga na mayai huku anasimulia hadithi, na hakuwahi kukosea hata yai moja. Wakati ule nilikuwa na mimba ya miezi minne, na sikuwa nimemwambia mtu.

Alikuwa na mengi yasiyopatana. Alituhubiria kwamba uvivu ni ugonjwa wa magoti, na mchana baada ya matobolwa alilala akiwa amesimama, ameegemea beleshi, macho wazi. Ijumaa alikuwa Mwislamu mwenye shughuli nyingi. Krismasi alikuwa wa kwanza kufika kwa Wakristo, kuhakikisha, alisema, kwamba pilau imepikwa kwa amani. Alichukia watu wanaojisifu, na kila alipochukia alitupa mfano wa jinsi yeye mwenyewe asivyojisifu. Na huyu mtu, aliyeamini ngoma kuliko nilivyowahi kuona mtu akiamini kitu, hakujua kucheza. Ule mguu ulimkatalia.

Sasa tumefika kwenye ngoma.

Lambo si shimo tu. Likichimbwa, udongo hupandishwa upande wa chini kuwa tuta, na tuta lisiposhindiliwa, maji huingia katikati ya udongo yakaula taratibu. Mwongozo wa ofisi ulisema mashine ya kushindilia italetwa. Tukaingoja. Mnyapara akaingoja siku tatu, siku ya nne akaja mlangoni kwangu.

"Kwenu wapiga ngoma ni wanawake. Kweli au uongo?"

"Uongo," nikasema, maana ni kweli. Kwetu mwanamke huibana ngoma kwa magoti na kuipiga mpaka ardhi itikisike, na mimi mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusuka.

"Chukua ngoma yako uje."

Akatupanga mistari juu ya tuta, bega kwa bega, wanaume, wanawake, wakata tumbaku, wachunga ng'ombe, hata mwalimu mkuu ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Akatutilia udongo nusu kiganja, akamwaga maji kidogo kwa karai, akapaza sauti: "Mguu wa kulia!" Nikapiga. Miguu mia na zaidi ikashuka pamoja. Tabaka likilainika na kung'aa, aliinama, akalichoma kwa kidole. Kidole kikiingia, tulirudia. Kisipoingia, aliongeza udongo mwingine. "Mashine ina uzito," alisema, "lakini haina miguu. Mguu unajua palipo laini." Wanyamwezi wamelima kwa nyimbo toka zamani, wakaleta nyimbo zao, na mimi nikajifunza kuzifuata. Sijawahi kuchoka vile, wala kufurahi vile. Ule ulikuwa mwaka wa njaa, na watu walikuwa wakirudi nyumbani wakiimba.

Tulikuwa tumebakiza pembe moja, ile ya bondeni kabisa, ndipo mkaguzi akafika. Kijana mpole, viatu vyeupe, kofia ngumu kichwani mahali ambapo kitu pekee cha kumwangukia kilikuwa jua. Akasimama akiwa ameduwaa.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kazi, bwana mkubwa."

"Mimi naona ngoma."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kushindilia ni kwa mashine. Mwongozo unasema."

"Mashine iko wapi?"

"Itakuja."

"Basi sisi tunaishikia nafasi."

Watu wakacheka, na hilo lilikuwa kosa. Kijana akanywea, kisha akakumbuka cheo chake. Akasema mradi hauwezi kupiga picha watu wakicheza ngoma saa za kazi, huko juu wataelewaje? Akaongeza kwamba wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema.

"Wahenga hao," akasema mnyapara, "hawakuchimba lambo."

Mkaguzi akaona hapo hapati kitu. Akanigeukia mimi, akatoa kalamu. "Mama, wewe mwenye ngoma. Jina lako nani?"

Nikamtazama mnyapara. Hakutania. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Piga, mtani. Pembe moja tu."

Mikono yangu ilikuwa juu ya ngozi ya ngoma. Niliwaza jina langu likikatwa kwenye orodha ya kazi, niliwaza mume wangu na siku zake chache za kazi, na tumbo langu lililokuwa limeanza kuonekana. Nikaiweka ngoma chini.

Watu wakashuka mmoja mmoja. Pembe ile ilimaliziwa kwa migongo ya mabeleshi, kila mtu anapiga kwa wakati wake, picha zikapigwa, mkaguzi akaridhika akaenda zake. Mashine haijaja mpaka leo. Jioni ile mnyapara alipita mlangoni kwangu, sufuria ya mlenda iko motoni, mfuniko umefunuliwa. Akapita bila kuchungulia. Ningependa anitukane. Kesho yake asubuhi alisimama tena mbele yangu na salamu ya kwao: "Mwangaluka, Mgogo. Leo umeomba maji kwa nani?" Yakaisha. Kwake yaliisha, au nilidhani yameisha. Mimi niliendelea kuitazama ile pembe kila nilipopita.

Mvua za kwanza zilikuja kwa adabu, lambo likaanza kukusanya maji, ng'ombe wakaingia mpaka magotini. Wakati huo mnyapara alikuwa ameshalala kitandani, mgonjwa. Kilianza kifua, kikashuka miguuni, na ule mguu mfupi ukavimba mpaka ukawa mnene kuliko mrefu. Alisema hatimaye umelipiza. Hakuweza kufika bondeni. Kila aliyemtembelea alimuuliza jambo moja tu: limeshika?

Limeshika, walimwambia. Na lilikuwa limeshika, mpaka ilipokuja mvua ya siku mbili bila kupumzika. Alfajiri ya siku ya tatu tulisikia watu wanakimbia. Tuta lote lilikuwa limesimama, kijivu, limenyooka, isipokuwa pembe ya bondeni. Hapo palikuwa na pengo la kupita ng'ombe wawili, na nusu ya maji yetu ilikuwa imeshalala kwenye mashamba ya watu wa chini. Wenye ng'ombe walikuwa wakilitazama pengo. Hakuna aliyenitazama, na ndivyo nilivyojua kwamba kila mtu anakumbuka.

Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, alitukalia mlangoni: asiambiwe. Mzee anaondoka, aondoke na lambo lake zima. Tukakubali. Watu wakaingia mmoja mmoja, wakasema limeshika, limejaa, bata maji wamekuja. Mchana wakaniambia ananiita.

Alikuwa amelala karibu na dirisha, amepungua mpaka blanketi lilionekana halina mtu. Na mimi, kwa ule uso niliouona, nikasahau kila kitu alichonifundisha.

"Shikamoo baba," nikasema.

Macho yake yakashtuka. "Kumbe nimefika huko," akasema taratibu. "Hata wewe umeanza kuniheshimu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaketi kwenye kigoda, nikatafuta utani wowote, sikuupata.

"Wanakuja hapa," akaendelea, "wananiambia limeshika na nyuso za matanga. Wewe ndiye wa kuniambia. Limeshika?"

Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwambia neno la kweli. Ningesema limeshika, angelipindua akajua limepasuka. Nilimtazama mkwewe mlangoni, ananikazia macho. Nikasema kwa sauti yangu ya stesheni:

"Limepasuka, mtani. Maji yamekata tiketi, yanarudi Dodoma. Hongo yetu mmelipa."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko, na mkwewe mlangoni akashusha pumzi. Akajifuta macho kwa ncha ya blanketi.

"Limepasukia wapi?"

"Pembe ya bwana mkubwa." Hapo sauti ilinikatikia. Sikuweza kuimalizia kwa mzaha.

Akaacha kucheka. Hakukasirika wala hakushangaa. Mkono wake ukatoka kwenye blanketi, vidole viwili vikaanza kutembea juu ya kitambaa, kimoja kirefu, kimoja kifupi, na midomo yake ikihesabu. Sikumsemesha. Kwa mara ya kwanza nilimwacha amalize.

"Ngwe mbili na nusu," akasema. "Msitumie udongo wa mbugani, huo unavimba. Vunjeni kile kichuguu cha nyuma ya choo changu. Tabaka nusu kiganja. Mcheze siku tatu, msipunguze."

"Mtani, mimi ndiye niliyeacha ku..."

"Najua nani aliacha. Si nilikuwepo?" Akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Ulikuwa na mtoto tumboni. Nilikukatia ngwe fupi kiangazi kizima kwa ajili yake, halafu nikakutaka umtupe kwa pembe moja. Mjinga nani? Lakini mara hii mtu akikwambia acha, jifanye Mgogo. Jifanye hujaelewa Kiswahili."

Nikacheka, nikalia, sikumbuki kipi kilitangulia. Nikainuka niende, maana alikuwa amechoka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mtani."

"Nini tena?"

Alijiinua kwenye kiwiko, polepole, jinsi mtoto aliyelelewa vizuri anavyojiinua mtu mzima akipita.

"Shikamoo," akasema. "Ni ile yako ya stesheni. Nakurudishia."

Nikasimama pale, umri wa mwanawe wa mwisho, mbele ya mkwewe na majirani waliojaa mlangoni, nikaitikia.

"Marahaba."